Tisheti za Safari ya Mama

Jerotich alikuwa mtu mzima wa kutosha kujua kwamba mtu akikwambia "tunapanga," bado hajaanza kupanga. Miaka yote aliyofuma sweta za shule, wazazi walimwambia wanapanga kuja kuchukua, na sweta zikakaa kwenye rafu mpaka mtoto mwenyewe akamaliza shule akaanza kufuga ndevu. Lakini mama ni kiumbe wa ajabu. Neno ambalo angelichekea mdomoni mwa mteja, likitoka kwa mwanawe hulimeza hata bila maji.

Aliishi Free Area, Nakuru, katika nyumba ya mawe ambayo yeye na mumewe Kipyegon walikuwa wameijenga chumba baada ya chumba, kila kimoja na mwaka wake na ugomvi wake. Mbele kulikuwa na kibanda cha mabati, ndani yake mashine ya kufuma, na ukipita njia asubuhi ungeisikia ikikwaruza kwenda na kurudi. Sauti hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wawili. Weldon, kifungua mimba, alikuwa Nairobi na kazi ya bima na gari kubwa jeusi. Kimberly, kitinda mimba, alikuwa huko huko Nairobi akifanya kazi ambayo mama yake hakuielewa vizuri, ila alijua inahusu kupiga picha za chakula kabla ya kula.

Kipyegon alikuwa dereva wa watalii. Wenzake walipewa kazi laini ya kwenda kuonyesha wageni vifaru na heroe hapo karibu, jioni wakarudi kulala kwa wake zao. Yeye alipewa kaskazini. Angepita Nyahururu na Rumuruti, apande Maralal, ateremke Baragoi na South Horr mpaka ziwani Turkana, halafu akate jangwa la Chalbi hadi Marsabit, ambako kuna mbuga yenye msitu juu ya mlima na ukame umeuzunguka pande zote. Kisha angeteremka kupitia mbuga za Shaba na Samburu, na kurudi nyumbani na vumbi masikioni. Jerotich angemwekea maji ya moto kwenye beseni, na mwanamume angetia miguu na kuanza kusimulia.

"Kuna mahali, Mama Weldon, ardhi ni nyeupe kama mtu amemwaga unga, mpaka macho yanauma. Halafu mbele unaona maji. Ziwa mzima, na miti imesimama ndani. Unaendesha, unaendesha, na maji inarudi nyuma. Wazungu wanapiga nduru. Hakuna maji. Hata miti hakuna."

"Sasa unaendea nini huko?"

"Naendea hiyo maji," Kipyegon angejibu, na kucheka peke yake.

Alimwahidi kwamba akistaafu atampeleka. Jerotich angekaa kiti cha mbele, afunguliwe mlango, aitwe madam, na akichoka aseme tu gari lisimame. Ahadi ni deni, husema watu, lakini kifo hakilipi madeni ya mtu. Kipyegon aliangushwa na presha asubuhi moja ya Jumapili, akiwa amevaa kiatu kimoja kwenda kanisani, na miaka ya kustaafu ilikuwa bado inakuja.

Matangani, dada wa marehemu, mwanamke mwenye mdomo usiojua msiba ni nini, alisema mbele ya waliokuwa wakimenya viazi: "Ati jangwa nyeupe. Jangwa gani? Huyu alikuwa na jangwa yake Maralal, na iko na watoto." Watu walicheka kile kicheko cha matangani, cha kufunika mdomo kwa leso. Hakuna mwanamke aliyekuja kutoka Maralal. Hakuna mtoto aliyejitokeza kudai jina. Hata hivyo neno lile lilimwingia Jerotich kama funza kidoleni, na kwa miaka lilimwasha kila alipokaa peke yake kwenye mashine. Ama kulikuwa na ardhi nyeupe na maji yasiyokuwapo, ama aliolewa na mwongo aliyekuwa akioshwa miguu kwa maji ya moto. Televisheni hakuiamini. Alisema televisheni inaonyesha hata watu wakiruka angani.

Basi macho yakaanza kumchezea. Alianza kugonga mabega kwenye miimo ya milango aliyoipitia maisha yake yote. Alimimina chai kando ya kikombe. Alimfumia mtoto mmoja wa shule sweta yenye mkono mmoja wa rangi ya damu ya mzee na mwingine wa buluu, na mama wa mtoto akadhani ni mzaha. Mwezi wa Januari jirani yake Naliaka alimshika mkono akampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alikuwa kijana, na maskini hakujua kuzunguka maneno.

"Mama, hii ni presha ya macho. Imekula pande zote mbili, sasa inakuja katikati. Ile imeenda haiwezi rudi. Dawa utaweka, itatusaidia kusukuma siku. Lakini kama kuna kitu unataka kuona, usiiweke ya kesho."

Jerotich hakulia. Naliaka ndiye aliyelia, kwa sauti, mpaka nesi akamwomba atoke nje. Naliaka alikuwa Mbukusu ambaye babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli. Alipika chapati kando ya barabara, na hakuwahi kuficha jambo lolote usoni mwake. Njiani kurudi ndiye aliyesema, "Sasa wewe uambie watoto wako wakupeleke huko kwa mchanga wa bwana yako. Wako na magari, wako na pesa. Wanangoja nini?"

Wikendi ile aliwaambia. Na tusimsingizie Weldon, siku hiyo alilia kweli. Alimkumbatia mama yake pale kwenye kochi na kusema, "Mama, hiyo ni lazima. Hiyo tunafanya kabla Easter." Kabla chai haijapoa, grupu ya WhatsApp ilikuwa imefunguliwa, imepewa jina la Safari ya Mama, na wametiwa ndani binamu, shemeji na watu wawili ambao Jerotich alikuwa akiwaona harusini tu.

Sasa, kama hujui, sisi watu wa hapa hatuwezi kufanya jambo bila kamati. Mtu akitaka kuoa ni kamati, akifa ni kamati, mtoto akifaulu ni kamati. Safari ya siku tano ya mama mmoja anayetaka kuona mchanga ikapata mwenyekiti, mwekahazina, katibu na mtu wa habari. Weldon akawa mwenyekiti kwa kuwa gari ni lake. Mkewe Trizah akawa mwekahazina na katibu. Kimberly akawa wa habari. Mwenye safari hakupewa cheo, alipewa kazi ya kupika.

Mkutano wa kwanza ulifanyika nyumbani kwake mwezi wa Februari. Alikanda chapati tangu asubuhi, akachinja jogoo kwa kupapasa shingo, na akatoa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, alichokuwa amekitunza. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi marefu. Kisha wakaanza kushindana.

Weldon alitaka njia ya Maralal mpaka ziwani, kwa sababu alitaka kujua kama gari lake linaweza. Trizah alisema yeye jangwa la bila bafu haendi, wafike Samburu, kuna hoteli nzuri yenye bwawa la kuogelea, na hiyo pia ni mbuga na ni kame vya kutosha. Kimberly alisema lazima Chalbi, lakini wafike jua likizama, kwa sababu mwanga wa mchana unaharibu ngozi kwenye picha. Binamu mmoja alileta habari za majambazi wa Baragoi, mwingine akasema hayo ni ya zamani. Walibishana kuhusu matairi. Walibishana kuhusu nyama ya kubeba. Saa zikaenda.

Jerotich aliyekuwa mlangoni na birika alisema, "Mimi nataka tu kuona ile ardhi nyeupe, na ile maji ya kudanganya. Hata tukilala kwa gari, ni sawa."

"Hiyo ni poa, mama," Weldon alisema kwa upole. "Trizah, weka hiyo kwa A.O.B."

A.O.B. ni yale mambo mengine ya mwisho wa mkutano, yanayosemwa watu wakiwa tayari wanatafuta viatu. Huko ndiko alikowekwa mwenye safari. Hata hapo hakufikiwa, kwa sababu Trizah alikumbuka habari ya tisheti, na habari ya tisheti ikala jioni yote iliyobaki. Ziwe nyeupe au za rangi ya mchanga? Ziandikwe Kiingereza au Kiswahili? Waliafikiana kwa kauli moja, na nadhani hilo ndilo jambo pekee ambalo kamati ile iliwahi kuafikiana: zitakuwa na picha ya mama kifuani, ile ya mahafali ya Kimberly, ambamo Jerotich ametoa macho yote mawili akicheka.

Jumapili iliyofuata Weldon alisimama kanisani Free Area na kutangaza. Alisema wao kama familia wameamua kumpeleka mama yao aone kazi ya mikono ya Mungu jangwani kabla macho hayajafungika. Waumini walipiga makofi. Mchungaji aliwaita mbele akawawekea mikono, na kuna mama mmoja aliyesema kwa sauti kwamba laiti Mungu angempa naye watoto kama hao. Jerotich alisimama pale mbele amevaa kitambaa chake cheupe, na ukweli ni kwamba moyo wake ulijaa. Alijivuna. Kuanzia siku hiyo hakuweza kununua hata nyanya bila kuulizwa, "Mama Weldon, safari ni lini?"

"Watoto wanapanga," alijibu.

Mapema mwezi wa Machi, kabla mvua hazijaanguka, Kiprugut alipita. Kiprugut alikuwa ameendesha magari ya watalii pamoja na Kipyegon. Siku hizo alikuwa na pikapu kuukuu ya Land Cruiser na alipeleka dawa na vyakula kwa misheni moja kule Loiyangalani, kisha akazungukia Marsabit kubeba mbuzi. Alikataa kuketi. Alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni.

"Shemeji, nimesikia hii maneno ya macho. Mimi natoka Jumanne alfajiri. Kiti ya mbele haina mtu. Narudi na Chalbi. Kwa wiki umerudi hapa kwa mashine yako."

Jerotich aliuliza swali moja. Aliuliza kama ni kweli kuna ardhi nyeupe.

Kiprugut alimtazama. "Bwana yako hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Basi kuja uone."

Usiku ule hakulala kwa furaha, na kesho yake alifunga begi. Alitia leso mbili, sweta ya baridi ya Maralal, dawa za macho, chupa ya chai. Juu kabisa aliweka kofia ya kazi ya Kipyegon, ya kitambaa cha kaki, ambayo ukingo wake bado ulikuwa na alama ya jasho lililokauka. Wakati huo bado alikuwa akiona. Akisimama mlangoni aliweza kuuona mlima Menengai vizuri ilimradi aelekeze uso sawasawa, kama mtu anayechungulia kwa tundu la kufuli. Angeiona Chalbi. Hilo halina ubishi.

Sijui nani alipeleka habari Nairobi, labda ni Naliaka kwa furaha yake. Jumatatu Weldon alipiga simu.

"Mama, ati unaenda na Kiprugut?"

"Kiti iko wazi, Weldon. Ni wiki moja tu. Nyinyi mtanipeleka pia."

"Mama, hapana. Tafadhali. Mchungaji alituombea mbele ya watu. Kanisa mzima inajua tunakupeleka. Sasa uende na pikapu ya mbuzi? Watu watasema nini? Watasema watoto wameshindwa na mama yao."

"Hakuna atasema hivyo."

"Watasema. Na baba je? Mzee alitaka uende kama madam. Ngoja tu kidogo, mama. Tumemaliza kupanga karibu yote."

Hapo ndipo Jerotich alipokosea, na alikosea kwa heshima. Alifikiria yule mama wa kanisani aliyewatamani watoto wake. Alifikiria macho ya watu Jumapili. Mwanamke wa kizazi chake anaweza kulala njaa, akatembea peku, akazikwa na deni, lakini hatawavua wanawe nguo mbele za watu. Aliona afadhali jangwa limngoje kuliko Weldon aaibike. Alitoa vitu kwenye begi kimoja kimoja, kofia ya Kipyegon akaitundika kwenye msumari karibu na mlango.

Jumanne alfajiri pikapu ilipiga honi nje. Alitoka na kikombe cha chai badala ya begi.

"Watoto wangu wanapanga," alimwambia Kiprugut.

Kiprugut alikunywa chai yote amesimama. "Sawa, shemeji. Jangwa haiendi mahali," alisema, na akamrudishia kikombe. Alikuwa na neno lingine, lakini alipoona jinsi mkono wa Jerotich ulivyokuwa ukikitafuta kile kikombe hewani, hakulisema.

Ngojangoja huumiza matumbo, waliambiwa wahenga na hawakusikia, sembuse mama. Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha na barabara zikakatika. Mei dada yake Trizah aliolewa, na kamati ya safari ikageuka kamati ya harusi, bila hata kubadilisha watu. Juni kulikuwa na maandamano na Weldon akasema si wakati mzuri wa kuwa barabarani. Julai alinyimwa likizo. Agosti tisheti zilifika, nzuri ajabu, na Trizah akazipiga picha zikiwa zimekunjwa safu safu. Grupu ilijaa pongezi wiki nzima. Naliaka alimsomea Jerotich pongezi zile zote kwa sauti, halafu akauliza, "Na tarehe? Hapa sioni tarehe."

"Wanapanga."

"Mama Weldon, mimi nitakuambia ukweli. Ukikufa leo, hao watoto watapata magari kumi kesho asubuhi, na mafuta, na hema, na mtu wa kamera. Lakini ukiwa hai, ni kupanga tu."

Jerotich alimkasirikia kweli kweli. Hakuongea naye siku kadhaa. Alimkasirikia kwa sababu alikuwa amewaza maneno hayo hayo, na si vizuri mtu wa nje kumkuta mtu kwenye mawazo yake.

Dawa zilisukuma siku kama daktari alivyosema, kisha siku zikakataa kusukumwa. Septemba Menengai iliondoka. Ilikuwepo asubuhi moja, kivuli cha rangi ya majivu, na baadaye ikawa haipo. Alifuma kwa kuhesabu kwa vidole mpaka mwalimu mmoja akarudisha sweta, kwa adabu nyingi, na baada ya hapo akafunika mashine kwa shuka. Novemba alibaki na mwanga tu. Alijua dirisha liko wapi na mchana umeisha lini. Uso wa Naliaka aliuacha mahali fulani katikati ya Oktoba, hakumbuki siku gani. Hilo lilimuuma kuliko mlima.

Simu ya Weldon ilikuja wiki ya kwanza ya Desemba, baada ya shule kufungwa.

"Mama, safari imeiva!"

Aliinuka. Mkono wake ulienda ukutani wenyewe, ukatafuta ule msumari wenye kofia. "Lini?"

"Tunatoka Ijumaa. Ila sasa mama..." Alisita. Weldon hakuwa mtu mbaya, na watu wasio wabaya husita kabla ya kuumiza. "Tumekaa kama kamati. Tumeonelea kwamba hiyo barabara ni mbaya sana, na joto. Na vile macho imefika, hata hutaenjoy. Tutakuwa tunakutesa bure. Na hoteli tushalipa, hawarudishi."

"Mnaenda bila mimi."

"Tunaenda kwa niaba yako, mama. Ni safari yako bado. Jina ni yako."

Trizah alichukua simu. "Mama, usijali kabisa. Tutakutumia picha."

Jerotich alitaka kusema kwamba bado ana miguu ya kuhisi ardhi, na pua, na masikio, na kwamba yuko tayari kuteswa. Alitaka kumwambia Weldon kwamba Kiprugut alipiga honi na yeye akatoka na chai. Badala yake aliwatakia safari njema, kwa kuwa alilelewa hivyo, na kinywa chake kikawa kichungu kama mtu aliyetafuna kwinini.

Ijumaa walipita Free Area kumuaga. Gari lilinguruma nje bila kuzimwa. Walimkumbatia mmoja mmoja, na kila aliyemkumbatia alikuwa na tisheti mpya inayonuka wino. Kimberly aliiona kofia ukutani. "Waa, hii ni ya daddy? Mama, naweza enda nayo? Itatoka fiti kwa picha."

"Beba," Jerotich alisema.

Siku tatu grupu ilikuwa kimya, maana huko hakuna mtandao. Ya nne, walipofika Marsabit, picha ziliingia kwa mpigo, simu ikitetemeka mezani mpaka ikajisogeza ukingoni. Naliaka alikuja mbio mikono ikiwa na unga. Aliketi karibu naye, akaichukua.

"Haya, niambie," Jerotich alisema. "Anza na ile ya Chalbi."

"Hii hapa. Weldon amesimama, ameegemea gari."

"Nyuma yake?"

"Nyuma yake ni gari."

"Ingine."

"Trizah na miwani. Amefunga leso vizuri. Hii ingine, wote wako pamoja, wameruka juu. Kimberly na kofia ya Kipyegon." Naliaka akasema polepole, "Na wewe uko. Uko kwa kila kifua. Macho yako ni makubwa hapa, unacheka."

"Na ardhi, Naliaka? Ni ya rangi gani?"

"Sioni chini vizuri, wamekata miguu." Aliendelea kutelezesha kidole. Ilikuwa nyuso, nyuso, chupa za soda, nyuso. Alimtazama mwenzake aliyeinua shingo kama kuku anayesikiliza mvua, na huruma ikamshinda. "Ngoja! Hii sasa naona. Ni nyeupe. Nyeupe pe pe pe. Na maji iko, mingi, na miti, na ndege wanaogelea..."

"Usinidanganye na wewe," Jerotich alisema.

Naliaka aliinamisha kichwa. Kisha akasema kuna video moja, na akaibonyeza.

Kwanza ulikuja upepo. Ulikuwa mkubwa, mkavu, haukugonga mti wala nyumba, na Jerotich akajua mara moja kwamba pale hakuna kitu kwa umbali mrefu. Halafu sauti ya Kimberly, karibu sana: "Guys, tumefika Chalbi! Aki huku hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa!" Muziki wa gari. Na mbali nyuma, kwenye upepo, sauti ya Weldon, ambayo haikuwa ya mwenyekiti bali ya mtoto: "Kim! Kim, angalia kule! Si hiyo ni maji? Na miti! Kim, ni kama ile daddy alikuwa anasema!"

"Weldon, wacha nimalize, unaniharibia," Kimberly alisema.

"Geuza simu," Jerotich aliiambia video. "Geuza simu, Kimberly."

Video ikaisha.

Aliomba irudiwe, na Naliaka akairudia mpaka naye akayakariri maneno. Kipyegon hakuwa mwongo. Ardhi ilikuwepo, maji yasiyokuwepo yalikuwepo. Miaka yote ile ya kushuku mtu aliyekuwa kaburini, na jibu lilikuwa la kukaa tu kwenye kiti cha mbele Jumanne moja alfajiri na kufumbua macho. Alilia hapo, bila kuficha, akimlilia mumewe kwa mara ya pili, na hasira ikiwa nyingi kuliko machozi. Naliaka alimshika goti kwa mkono wake wenye unga.

Simu ilitetemeka tena. Weldon alikuwa ameandika kwamba safari imebarikiwa, kwamba mama alikuwa nao kiroho, na kwamba Easter, Mungu akipenda, watampeleka mwenyewe. Wanakamati walikuwa tayari wameanza kuitikia. Binamu mmoja aliuliza kama tisheti zitakuwa hizi hizi au mpya.

"Nishikie hiyo kitu ya kuongea," Jerotich alisema. Naliaka aliweka kidole kwenye alama ya kurekodi na kumsogezea simu mdomoni.

"Ni mimi, mama yenu," alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia. "Nimesikia upepo. Kofia ya baba yenu nirudishiwe. Na hizo tisheti, mkifika, mniletee zote. Nitapangusia nyumba."

Alikaa, mikono mapajani, akisubiri. Nje mtu alikuwa akimwita Naliaka kwamba chapati zinaungua, na Naliaka hakuinuka. Simu ilitetemeka, ikatetemeka tena, ikaendelea.

"Wanasema nini?" Jerotich aliuliza.

Naliaka aliitazama ile safu ya vikatuni vya manjano vinavyotoa machozi kwa kicheko, kimoja baada ya kingine, kutoka kwa kila mtu.

"Wanacheka," alisema.